Nilivyokwenda Kumrudisha Mchungaji Elia

Wapendwa,

Tangu nirudi, kila anayenikuta kwenye foleni ya chakula ananiuliza habari za Elia, na kila mmoja nimempa kipande chake. Mwingine nimempa cha treni, mwingine cha ziwani, na yupo aliyeondoka na sahani yake akidhani mambo ni mazuri kwa sababu nilikuwa nimefikia kwenye kuku wa Saranda. Nimechoka, na naona si haki kwa Elia mwenyewe. Kwa hiyo naandika yote mara moja. Jibu la swali lenu nalitanguliza, ili msisome mkiitafuta furaha mwishoni: harudi.

Kwa walioingia mwaka huu, Elia ni mchungaji mwenzetu, mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, aliyekuwa amebakiza tasnifu tu amalize shahada ya uzamili. Alikwenda kwao kufanya utafiti juu ya maombolezo ya wavuvi, hakuonekana tena. Desturi yetu mnaijua. Kila Ijumaa kwenye ibada ya asubuhi tunasoma majina ya walio mbali, kisha anayeongoza anatuma neno la kutia moyo kwenye kundi letu la simu. Elia alikuwa akijibu "Amina" kila Ijumaa. Tukipiga, simu inakatika, tunalaumu mtandao. Tulipomwomba atume japo sauti, ilikuja sauti yake akitoa baraka ya mwisho wa ibada, nzito na iliyonyooka kama tulivyomzoea, tukashangilia. Sisi wachungaji huitikia Amina hata kwa tangazo la kukatika kwa maji, sasa nani angeshtuka?

Mkuu wa masomo aliposema kwamba Elia asipoonekana kabla ya muhula kufunguliwa nafasi yake itafutwa, wengi mlisema amenogewa na migebuka, samaki wa ziwa la kwao. Nami nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa kuwashinda. Ndiyo maana mkanituma mimi. Mlisema ulimi wangu utamtoa hata akiwa shimoni.

Dodoma hadi Tabora

Nilipanda treni nimevaa kola ya kichungaji, nikidhani itanipatia heshima kidogo. Ilinipatia mzee mmoja wa Kaliua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Mchungaji. Mchungaji mwenyewe kapanda behewa gani?"

"Mchungaji ndiye mimi, mzee."

"Naam, wewe ni mama. Namuulizia baba."

Nilimweleza kwamba nimebarikiwa uchungaji mimi mwenyewe, nina usharika wangu Rungwe, na sasa nipo masomoni. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akanipa pole. Alikuwa ameamua kwamba mume wangu amefariki na kuniachia kola. Nilipokea pole zake kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu, na kwa sababu alikuwa na ugali wa moto kwenye hotpoti.

Saranda tulinunua kuku dirishani, kama kila apitaye. Wangu alikuwa mzee kuliko jirani yangu. Tulimtafuna tukisaidiana, na mimi nikawa napanga maneno ya kumwambia Elia. Nilipanga kuanza na upole, niingie kwenye aibu, nimalizie na hasira. Kila kituo niliongeza sentensi. Nilikuwa nimeudhika naye kweli, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na akili kama yake, na niliona anaitupa.

Tabora

Tabora tuliambiwa maji yamepita juu ya reli huko mbele, tusubiri. Tukasubiri. Wauza asali walitujia, wakaja wauza karanga, kisha akaja mama wa chai ambaye baada ya muda alianza kutuita kwa majina. Hakuna aliyekuja na habari ya reli.

Katika behewa letu alikuwamo dada mmoja anayekwenda Uvinza kumzika baba yake. Jioni alipigiwa simu kwamba hawawezi kumngoja, wamezika. Watu waliona kola yangu, wakanisukumia kazi. Nilikaa karibu naye, nikampa maneno yetu yale, kwamba Mungu hakosei, kwamba asihuzunike kama wasio na tumaini, na mengine yote tunayoyajua. Niliyasema vizuri, hata mzee wa Kaliua alishusha pumzi. Yule dada alisema, "Amina, Mama Mchungaji," akajifunika khanga, akanigeuzia mgongo mpaka asubuhi. Iliniuma, nikamwona hana shukrani.

Kigoma, Gungu

Reli ilipofunguka tulikwenda taratibu kama tunaomsindikiza mtu makaburini. Mzee wangu alishuka Kaliua akiniombea nipate mume mwingine. Uvinza yule dada alishuka peke yake, hakuna aliyekuja kumpokea.

Kigoma nilipokelewa na familia ya mzee mmoja wa kanisa, mtaa wa Gungu. Walinipikia ugali wa muhogo na migebuka iliyokolea mawese. Mimi mtu wa ndizi na viazi niliumega ule ugali kwa uangalifu, maana ukiubana kidogo tu hauachii vidole. Watoto walinicheka mpaka wakafukuzwa mezani.

"Kwa hiyo unakwenda kumwona Mchungaji Elia," mwenye nyumba aliniambia. "Vizuri sana. Anaendelea vizuri. Wewe subiri umsikie akiwa madhabahuni!"

"Bado anahubiri?"

"Kuhubiri anahubiri mwinjilisti. Lakini ibada anaongoza yeye, na haachi hata neno."

Mtu mwenye masikio angeuliza anaendelea na nini, na kwa nini hahubiri. Mimi nilikwishakuja na hukumu yangu toka Dodoma. Niliona mtu mzima, mwenye sauti, anayemwachia mwinjilisti kazi na kukaa ufukweni akila samaki. Nikaongeza sentensi nyingine kwenye hotuba yangu.

Ujiji

Asubuhi bodaboda alinipitisha mtaa wa Kasingirima akapiga honi mpaka majini Ujiji, ambako mashua ya kwenda vijiji vya kusini ilikuwa ikipakia. Ilipakia muda mrefu: sabuni, magodoro, kreti za soda, mabati. Kisha upepo ukaanza, nahodha akatazama mawimbi na kutuambia tukae.

Hapo ndipo nilipompata Mama Zaituni, na bila yeye nisingefika. Ni mfanyabiashara wa dagaa, Mwislamu, mzaliwa wa Ujiji, lakini wazazi wake walivuka kutoka ng'ambo ya Kongo, na lugha ya kwao haijamtoka mdomoni. Alinitazama nilivyoshika mkoba.

"Muchungaji, unaogopa mayi?"

"Mama, kwetu maji yanatoka juu. Haya ya kulala chini hivi siyajui."

Alicheka, akanikalisha karibu yake. Aliniuliza ninakokwenda, nikamweleza kila kitu, kwamba tuna mwenzetu amekwama kijijini na mimi nimetumwa kumrudisha masomoni.

"Na akikatala?"

"Hakatai. Nitamsema mpaka ainuke."

"Eeh. Mutu muzima hasemwi, anaulizwa," alisema, akaendelea kufunga mizigo yake. Niliona ni maneno ya sokoni.

Ziwani

Tuliondoka mchana wa Jumamosi. Sitawaeleza sana juu ya mawimbi kwa sababu muda mwingi nilifumba macho. Nilitapika kwenye ndoo ya mtu, na mwenye ndoo alinishukuru kwa kutotapikia mabati. Wimbi lilipotulowesha mara ya tatu nahodha aligeuza kuelekea nchi kavu, tukalala kijiji cha njiani, nyumbani kwa mjane mmoja ndugu yake Mama Zaituni, tukizungukwa na dagaa walioanikwa. Nguo zangu mpaka leo zinanuka, mmenistahi tu.

Jumapili asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Kijiji cha Elia sikitaji, anayekijua anakijua. Mashua ilipokaribia tulisikia kengele ya kanisa, ile ya rimu ya gari inayogongwa kwa nondo. Mama Zaituni aliniambia yeye anaendelea mbele kununua dagaa na watanipitia Jumanne wakirudi. Nilishuka nikiwa nimeloa mpaka magotini, nikapanda kilima moja kwa moja mpaka kanisani.

Kanisani

Nilisikia sauti yake kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa ile ile. Alikuwa akiongoza ungamo, watu wanafuata, na hapakuwa na neno hata moja lililoteleza. Nilisimama nje, nikasema moyoni: kumbe mzima! Kumbe tumemlilia mzima!

Niliingia nikakaa nyuma. Mwinjilisti Gwasa, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi kwa makaa, alihubiri. Elia alikaa kwenye kiti chake, mkono wa kulia umelala pajani. Amekonda. Mwishoni aliinuka, akainua mkono wa kushoto na kutoa baraka yote, kwa wimbo, na mabati ya kanisa yalivuma. Wazee machozi yaliwalenga. Mama mmoja karibu yangu alininong'oneza, "Unaona mambo ya Mungu?" Nilijibu kwamba naona, na nilikuwa na maana yangu.

Nje, watu walipokwisha kumpa mkono, nilimwendea.

"Mchungaji, habari za masiku?"

Alinitambua. Uso wake wote ulifunguka, akanishika bega kwa mkono wa kushoto.

"Bwana awe nanyi," alisema.

"Elia, acha utani. Nimetoka Dodoma. Nimelala na dagaa kwa ajili yako. Mkuu wa masomo anataka jibu."

"Bwana awe nanyi."

"Unanifanyia mzaha mbele ya watu?"

"Bwana awe nanyi. Bwana… Bwana awe nanyi."

Nilimwambia maneno. Ile hotuba yangu yote ya kwenye treni ilitoka, tena aibu na hasira zilitangulia upole. Nilimwambia anaaibisha waliomwombea. Nilimwambia sauti kama ile haikupewa ili ikae kijijini ikila samaki. Watu walikuwa wamesimama wanasikiliza. Elia alifungua kinywa, mishipa ya shingo ikasimama, na hakikutoka kitu. Machozi yalimshuka upande mmoja wa uso, ule mwingine ukiwa umetulia tu. Ndipo nilipouangalia ule uso vizuri.

Mkewe, Yustina, alikuja akanishika kiwiko.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini, "twende nyumbani. Hawezi kukujibu."

Nyumbani kwa Yustina

Ni kiharusi. Kilimwangusha akiwa msibani, kazini kwenye utafiti wake, katikati ya watu wanaolia, kiasi kwamba waliomwona anaanguka walidhani ni kilio. Walimvusha mpaka hospitali Kigoma na akatibiwa. Dawa ziko kabatini, anakunywa kila siku, na Gwasa humpeleka kila tarehe ya kliniki. Mkono unarudi kidogo kidogo. Maneno hayajarudi. Anaelewa kila kitu unachomwambia, naomba mlijue hilo. Ila hawezi kuomba maji. Hawezi kutaja jina la mtoto wake.

Liturujia ndiyo iliyobaki. Daktari aliwaeleza kwamba maneno yaliyosemwa maelfu ya mara yana njia yao kichwani, kama nyimbo, na hiyo haikuguswa. Ukimwanzishia sala, anaimaliza. Wazee wa usharika walipomsikia Jumapili ya kwanza walipiga vigelegele, wakasema Mungu ameanza kazi na ataimaliza. Tangu hapo wanamngoja.

"Na zile Amina?" nilimuuliza Yustina.

"Ni mimi."

"Sauti je?"

"Nilirekodi kanisani. Si mlitaka kumsikia?" Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho. "Ningewaambia, mngemfuta. Nikasema nishike nafasi yake mpaka maneno yarudi."

Gwasa alikuwa amekaa mlangoni. Alisema taratibu kwamba alitaka kuniwahi kanisani, lakini nilikuwa naongea haraka mno.

Baada ya chakula Yustina alinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeomba kuonyeshwa. Alimwanzishia Elia kiapo cha ndoa, kile anachowasomea maharusi wakifuatisha. Elia alikamata pale pale, kwa sauti yake ya madhabahuni, akiahidi mbele za Mungu kwamba anamtwaa yeye. Alipofika penye jina, alinyamaza. Kitabuni pale pana nafasi tupu, na yeye ana nafasi tupu. Walitazamana. Yustina aliruka mbele maneno mawili, naye akaendelea mpaka kifo kitakapowatenganisha.

"Kila jioni najaribu," alisema. "Labda siku moja atapita."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kulilia.

Kesho yake ndipo Yustina alipotoa begi. Lilikuwa limefungwa tayari: joho, mashati mawili, vitabu, dawa zimeandikwa juu saa za kunywa.

"Umekuja kumchukua," alisema. "Mchukue."

"Wifi, haiwezekani."

"Kwenye ibada maneno yanatoka. Hapa ibada ni Jumapili tu. Kule kwenu mna ibada kila asubuhi, na wenzake wapo. Akikaa nanyi yatatoka yote."

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwamba huku hakuna atakayemwanzishia, watamuuliza maswali, na mtu anajibu au anaanguka. Kwamba atakaa mbele ya walimu watatu na kusema Bwana awe nanyi. Elia alikuwa ameketi pale pale, akitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilimwambia Yustina kwamba sisi tutaendelea kumwombea.

Aliweka begi chini.

"Siku zote hizo mlikuwa mnamwombea nini," aliuliza, "kama akija hamna pa kumweka?"

Wapendwa, mimi ndiye mwenye ulimi. Mlinituma kwa ajili ya ulimi. Nilimwambia nitasema na mkuu wa masomo, na yeye akajua, kama mnavyojua ninyi, kwamba ni njia ya kusema hapana. Nimekwisha kusema naye. Alisikitika sana, na nafasi imefutwa.

Ufukweni

Jumanne mashua ilikuja. Gwasa alibeba mkoba wangu. Tuliposhuka kilima Elia alikuwa ametutangulia. Alikuwa amevaa kola na viatu vyeusi, na kabla nahodha hajazima injini aliingia majini na viatu vyake, akajivuta kwa mkono mmoja ndani ya mashua na kuketi karibu na magunia ya dagaa, begi lake juu ya magoti. Abiria walimpisha. Mama Zaituni alimsogezea mahali pakavu.

Yustina alikuwa amesimama juu mchangani, mikono kifuani. Hakumwita. Gwasa aliweka mkoba wangu mchangani, akangoja. Nilielewa kwamba wananiachia mimi.

Niliingia majini nikashika ubavu wa mashua.

"Kaka," nilimwambia, "hurudi. Huendi nami. Sina ninakokupeleka."

Alitikisa kichwa.

"Elia, wanakufuta."

Sikupanga kulisema hivyo. Alifungua kinywa, na nilijua kitakachotoka, na kikatoka, kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeuliza. Kisha akashuka mwenyewe. Gwasa alimpa mkono, akaukataa. Yustina aliingia majini mpaka kiunoni, akachukua begi, akaliweka kichwani na kupanda kilima bila kuniaga, na sikumlaumu.

Injini iliwaka. Tulipokuwa tumetoka kidogo, Elia, akiwa bado amesimama majini, aliinua mkono wa kushoto na kuanza baraka. Aliitoa yote. Ziwa lilikuwa shwari na kila neno lilitufikia. Ndani ya mashua watu waliacha mazungumzo, wanaume wakavua kofia, na alipomaliza wakaitikia Amina, Wakristo kwa Waislamu.

Mama Zaituni alijipangusa macho kwa ncha ya khanga, akanigeukia.

"Huyu ndiye ulimufuata?"

"Ndiye."

"Sasa mbona umemuacha?"

"Ni mgonjwa, mama. Hawezi kusema."

Aliniangalia kama anayemtazama mtu mwongo, aliyevaa kola na kudanganya mchana kweupe.

"Si nimemusikia," alisema, akasogea mbali nami mpaka tulipofika Ujiji.